Lisemwalo Lipo: Neno Mumiani na Historia ya Hofu katika Afrika Mashariki



1. Utangulizi

Mwanzoni mwa Oktoba 2016, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Wawili walikuwa watafiti na mmoja alikuwa dereva wao. Kazi iliyowapeleka huko ilihusu udongo. Kabla siku haijaisha wote watatu walikuwa wameuawa na umati wa watu, na gari lao lilikuwa limechomwa moto. Waliowaua waliamini kwamba wageni hao ni wanyonya damu, watu ambao kwa Kiswahili cha miaka mingi tumezoea kuwaita mumiani.

Nimeanza na tukio hili kwa makusudi. Mara nyingi tunapozungumzia mambo ya ajabu katika masimulizi ya jamii zetu, tunayazungumzia kwa tabasamu. Wengi tuliomo ukumbini humu tulitishwa utotoni kwa jina la mumiani ili tusitoke nje usiku, na leo tunalikumbuka jina hilo kama tunavyolikumbuka zimwi la hadithi za bibi. Lakini zimwi halijawahi kumfanya mtu afikishwe mahakamani kwa mauaji. Mumiani ni jambo jingine. Ni imani iliyodumu katika eneo letu kwa zaidi ya karne moja, iliyovuka mipaka ya makabila, dini na nchi, na ambayo hata katika karne hii ya 21 inaweza kumtoa mtu roho.

Swali ambalo watu huuliza haraka ni hili: je, mumiani wapo kweli? Mhadhara huu unadhamiria kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, halitufikishi mbali. Hakuna ushahidi kwamba palikuwapo wakati wowote kikosi cha watu waliokamata Waafrika na kuwakamua damu ili iuzwe. Fumbo linalobaki baada ya kusema hivyo ndilo linalostahili kuchunguzwa: kwa nini watu wengi, katika miji na vijiji vilivyo mbali mbali, walisimulia jambo lile lile, na kwa nini walilisimulia kwa kutumia maneno ya Kiswahili? Nitajaribu kulijibu kwa kulifuata neno lenyewe, kuanzia lilikozaliwa hadi lilipofika Iringa Mvumi.

2. Neno kabla ya kufika pwani

Asili ya neno hili ni Uajemi. Katika Kiajemi, *mum* ni nta. Kutokana na shina hilo lilitokea jina *mumiya*, yaani aina ya lami ya asili inayochuruzika kutoka katika miamba. Mumiya iliyosifika zaidi ilitoka katika mlima ulio karibu na Darab, katika jimbo la Fars. Wasafiri walisimulia kwamba mahali hapo palilindwa kwa amri ya watawala na kwamba mavuno yake yalikuwa mali ya mfalme. Matabibu wa Kiislamu waliiandika katika vitabu vyao vya dawa, Ibn Sina akiwa mmojawapo. Ilitumika kuunga mifupa iliyovunjika, kutibu majeraha na kutuliza maumivu. Hadi hapa hakuna damu wala maiti. Ni dawa adimu, nyeusi, ya bei kubwa, itokayo mbali.

Mabadiliko ya kwanza ya maana yalitokea Misri. Maiti za kale za nchi hiyo zilikuwa zimehifadhiwa kwa utomvu na vitu vingine vilivyogeuka vyeusi kwa kupita kwa miaka, vikafanana na lami ile ya Uajemi. Watu wakaanza kuvikwangua na kuviuza kwa jina lile lile la mumiya. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, ameeleza jinsi alivyoweza kupata Misri, kwa nusu dirhamu tu, mafuvu matatu yaliyojaa kitu hicho. Jina la lami likawa jina la kilichotolewa ndani ya maiti, na hatimaye likawa jina la maiti yenyewe.

Ulaya iliyapokea maandishi ya matabibu wa Kiarabu kwa njia ya tafsiri za Kilatini, na pamoja nayo ikapokea mchanganyiko huo wa maana. Kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti za Misri kama dawa ya kunywa. Inasimuliwa kwamba mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alikuwa akisafiri na akiba yake. Mahitaji yalipozidi, wapo wafanyabiashara waliokausha maiti za juzi na kuziuza kwa jina la maiti za kale. Mwaka 1582 daktari mpasuaji wa Kifaransa Ambroise Paré aliandika kuikataa dawa hiyo, lakini biashara yake haikufa mara moja.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu moja. Wakati wa ukoloni, maofisa wa Kizungu walioandika kuhusu mumiani waliiona imani hiyo kuwa ushahidi wa ujinga wa wenyeji. Mwafrika aliyesema kwamba Wazungu hutengeneza dawa kutokana na miili ya watu alichekwa. Ukweli wa kihistoria ni kwamba Wazungu walikuwa wamefanya hivyo kwa mamia ya miaka, na jina la dawa hiyo lilikuwa ndilo hili hili tunalolizungumzia. Sidai kwamba watu wa pwani walikuwa na habari za maduka ya dawa ya Paris. Ninachosema ni kwamba aliyecheka hakuijua historia ya nyumbani kwake.

3. Njia ya Bahari ya Hindi

Neno hili halikutufikia kutoka Ulaya. Lilikuja na jahazi, kama yalivyokuja maneno mengine mengi ya biashara na tiba, kwa njia inayounganisha Ghuba ya Uajemi, bara Hindi na mwambao wetu.

Bara Hindi ndiko tunakokuta, mwishoni mwa karne ya 19, masimulizi yanayofanana mno na ya kwetu. William Crooke, ofisa wa Kiingereza aliyekusanya imani za watu wa kaskazini mwa India na kuzichapisha katika miaka ya 1890, alirekodi hofu kuhusu dawa iitwayo *momiai*. Watu walisimulia juu ya bwana mmoja wa Kizungu aliyekuwa na kazi ya kukamata wavulana, kuwaning'iniza kichwa chini juu ya moto na kuikusanya dawa hiyo inayodondoka kutoka vichwani mwao. Waliosikia hadithi kama hiyo Tanga au Mombasa hawatashangaa. Mtu anayening'inizwa kichwa chini ni picha ambayo wasimulizi wa Afrika Mashariki wameirudia mara nyingi.

Je, hadithi ilisafiri pamoja na neno, au watu wa pande mbili za bahari waliibuni kila mmoja kwake, kwa kuwa walitawaliwa na dola moja? Kwa maoni yangu majibu haya mawili hayapingani. Bahari ilileta dawa, jina lake na fununu zake. Lakini fununu haioti mahali pasipokuwa na udongo wa kuipokea, na udongo wa kwetu ulikuwa tayari. Pwani hii ilikuwa na kumbukumbu ya karibu sana ya watu waliotekwa, wakasafirishwa na kuuzwa. Soko kuu la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Mzee aliyekuwa hai mwaka 1920 hakuhitaji kuhubiriwa ili aamini kwamba mwili wa mtu unaweza kugeuzwa bidhaa.

4. Mumiani katika kamusi na katika sarufi

Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inaliingiza neno mumiani na kulieleza kwa namna ambayo si ya kawaida katika kamusi. Kwanza inalitaja kuwa jina la kitu cheusi chenye mnato, kitumiwacho na baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maradhi mengine, kwa kupaka au kwa kunywa pamoja na samli. Inasema kwamba dawa hiyo husemekana kutoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba wengi wanaamini kuwa ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo, na kwamba uvumi wa mumiani unapozuka mjini, watu hujawa na hofu na ni nadra kuwaona nje baada ya jua kutua.

Tazameni jinsi maana mbili zinavyokaa bega kwa bega katika ingizo moja. Lami ya Darab ipo, na damu ya mtu wa mtaani ipo. Mwaka 1939 neno lilikuwa bado jina la kitu, ingawa kitu hicho kilikuwa kimekwisha kushukiwa.

Hatua iliyofuata ni ya kisarufi, na kwetu sisi wanaisimu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Mumiani likiwa jina la dawa, linachukua upatanishi wa ngeli ya I-ZI: mumiani *imeletwa*, mumiani *inauzwa ghali*. Leo ni vigumu kumpata msemaji anayelitumia hivyo. Tunasema mumiani *amekuja*, mumiani *wameingia* mjini. Neno limehama kutoka katika upatanishi wa kitu na kuingia katika upatanishi wa kiumbe mwenye uhai na nia. Jina la bidhaa limekuwa jina la mwindaji. Uhamisho huo haukuamuliwa na kamati yoyote ya lugha. Umefanywa na watu waliokuwa wakiuliza swali moja kwa muda mrefu: kama dawa hii hutokana na damu, ni nani anayeikusanya?

5. Wazimamoto, chinjachinja, kachinja

Kutoka pwani, hofu hii iliingia bara, na huko ilipata majina mapya. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mengi ya majina hayo yalikuwa ya Kiswahili hata pale ambapo Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza ya watu. Kenya na Uganda walisikia habari za *wazimamoto*. Tanganyika ilikuwa na *chinjachinja*, na sehemu za Kenya zikasema *kachinja*. Katika Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa kimekuwa lugha ya migodini na mitaani, watu waliwaogopa *batumbula*. Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, ilikuwa na *banyama*, neno ambalo msemaji wa Kiswahili anahisi undugu wake na *wanyama* na *nyama*, yaani wawindaji wanaowafanya watu kuwa mawindo.

Jina la wazimamoto linahitaji maelezo. Maana yake ya kila siku ni watu wa kikosi cha kuzima moto. Ilikuwaje watu ambao kazi yao ni kuokoa wakawa jina la wauaji? Mwanahistoria Luise White, ambaye kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi na historia katika Afrika ya kikoloni ndicho kilichoufanya uwanja huu uheshimike, ameonyesha kwamba waliosimulia habari hizi hawakuwa watu waliochanganyikiwa. Walijua vyema kwamba kipo kikosi cha zimamoto na wakaijua kazi yake. Walichokiona ni gari jekundu lenye mipira na pipa kubwa, watu wenye sare wanaokesha usiku, jengo ambalo mwananchi wa kawaida haingii, na vifaa ambavyo hakuna aliyevielezea. Tena, jina lilitumika hata katika sehemu ambazo hazikuwa na gari la zimamoto. Kwa hiyo wazimamoto wa masimulizi hawakuwa hasa watumishi wa kikosi fulani. Jina lilimtaja mwajiriwa yeyote wa Serikali afanyaye usiku kazi isiyoelezeka.

Mabibi na mabwana, muundo wa maneno yenyewe unathibitisha jambo hilo. *Wazimamoto* ni neno ambatani la kitenzi na yambwa, sawa na *mpigachapa* au *mfanyakazi*. *Chinjachinja* ni kitenzi kilichokaririwa, na kukariri katika Kiswahili huashiria tendo linalofanywa tena na tena, kama shughuli ya kudumu. Masimulizi yanasisitiza kwamba watu hawa hawachinji kwa hasira wala kwa kisasi. Wanachinja kwa mshahara. Mchawi wa jadi ni jirani au ndugu, na sababu yake ni husuda. Mumiani ni mgeni au mtu aliyeajiriwa na mgeni, na hamjui anayemkamata. Wenyeji walikuwa na maneno mengi ya uchawi katika lugha zao; hawakuyatumia kwa sababu waliona kwamba jambo hili ni la aina nyingine.

6. Damu iliyochukuliwa kweli

Hapana budi sasa tuzungumzie damu yenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, damu na majimaji mengine ya mwili yalichukuliwa kweli kutoka kwa watu wa Afrika Mashariki, kwa wingi, na mara nyingi bila maelezo.

Ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne hiyo, na kuutambua kulihitaji kuchoma sindano kwenye tezi za shingo na, baadaye, kwenye uti wa mgongo. Vita Kuu ya Pili vilileta kampeni za kukusanya damu kwa ajili ya majeruhi. Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa matende, ugonjwa unaojulikana vizuri na watu wote wa mwambao. Mwishoni mwa miaka ya 1870, daktari Patrick Manson, akiwa China, aligundua kwamba vijidudu vya matende hujitokeza katika damu ya ngozini usiku na kutoweka mchana. Kilele chake ni karibu na saa sita za usiku, wakati mbu wanaovibeba wanapouma. Maana yake ni kwamba mganga wa Serikali aliyetaka kujua ni wangapi wana vimelea hivyo kijijini, hakuwa na njia nyingine ila kuja usiku.

Hebu tujiweke katika nafasi ya mwanakijiji. Giza limeingia. Gari linafika, na humo wanatoka watu wenye taa na masanduku. Wanatoboa vidole vya watu wazima na watoto, wanachukua damu, wanaipaka katika vipande vya vioo, wanaondoka nayo. Hawatoi dawa usiku ule. Huenda wasirudi tena. Mwanakijiji anauliza: damu yangu imekwenda wapi? Kama hakuna aliyemjibu, atajijibu mwenyewe, na lugha ilikuwa imekwisha kumwekea jibu.

Haya si mambo ya zamani tu. Mwaka 2005 mwanaanthropolojia P. W. Geissler alichapisha makala kuhusu utafiti wa kitabibu katika kijiji kimoja magharibi mwa Kenya, ambako watafiti waliochukua damu za watoto waliitwa kachinja. Wanakijiji hao waliishi na watafiti hao, wengine wakafanya kazi nao, na hata hivyo walitumia jina hilo kuuliza faida ya utafiti inakwenda kwa nani.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na utata ulioongeza mashaka. Chukueni kitenzi *toa*. Nikisema "nimetoa damu", mimi ndiye mtoaji na nimeitoa kwa hiari. Nikisema "daktari amenitoa damu", mtendaji ni daktari na mimi ni mtendwa. Kitenzi ni kimoja, damu ni ile ile, lakini mahusiano yamegeuka. Tangazo linalowataka watu "wakatolewe damu" linaweza kumtisha mtu ambaye tangazo la "kuchangia damu" lisingemtisha. Ndiyo maana naona kwamba kuenea kwa istilahi *kuchangia damu*, hasa tangu kuanzishwa kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama nchini Tanzania mwaka 2004, si pambo la lugha. Mchango tunaujua: wa harusi, wa msiba, wa shule. Anayechanga anajua anamchangia nani, na anajua kwamba kesho naye atachangiwa.

7. Buguruni na lugha ya unyonyaji

Mwaka 1946 jarida la *Tanganyika Notes and Records* lilichapisha makala fupi ya E. C. Baker kuhusu mumiani. Miaka 13 baadaye jambo hilo halikuwa tena la kusomwa jaridani tu. Mwaka 1959, katika mtaa wa Buguruni, Dar es Salaam, tuhuma za mumiani zilizua vurugu ambamo askari polisi mmoja aliuawa. Mwanahistoria James Brennan, aliyelichunguza tukio hilo kwa makini, amelihusisha na hali ya jiji la wakati ule, mji uliokuwa ukikua haraka huku utawala wa kikoloni ukikaribia mwisho wake.

Mwaka 1959 TANU ilikuwa inaelekea kushika madaraka, na miaka michache baadaye picha ya damu iliyonyonywa ilikuwa imeingia katika msamiati rasmi wa siasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza vita dhidi ya *unyonyaji*. Mnyonyaji alichorwa akiwa na mirija, na wananchi wakahimizwa kuikata mirija hiyo. Mvivu na mwenye kula jasho la wenzake aliitwa *kupe*. Kitenzi *nyonya*, ambacho kwa asili ni cha mtoto mchanga na mama yake, kikawa jina la uhusiano wa kiuchumi kati ya matabaka.

Sisemi kwamba nadharia ya ujamaa ilizaliwa na mumiani. Ninasema kwamba waliotafuta maneno ya kuieleza kwa wananchi waliyakuta yamekwisha kuandaliwa. Msikilizaji wa redio hakuhitaji mafunzo ili aelewe kwamba yuko mtu anayenenepa kwa damu ya mwingine. Lakini picha hiyo ilikuwa na hatari yake. Mnyonyaji wa nadharia ni mfumo. Mnyonyaji wa mtaani ana sura, na mara nyingi sura hiyo ilikuwa ya jirani wa asili nyingine. Lugha iliyowasaidia watu kuutaja udhalimu iliweza vile vile kuwasaidia kumtafuta mtu wa kumpiga.

8. Mwanahistoria mbele ya uvumi

Hapa ndipo ninapotaka kutofautiana kidogo na baadhi ya wanataaluma wenzangu. Tangu miaka ya 1990 imekuwa desturi njema kuutazama uvumi kama chanzo cha historia, sauti ya watu ambao nyaraka za Serikali hazikuwapa nafasi. Nimenufaika na mkabala huo, na mhadhara wangu umeuegemea. Hata hivyo, mkabala huo una kishawishi chake. Tunapozoea kusema kwamba mumiani ni sitiari ya ukoloni, tunaweza kusahau kwamba aliyeshika jiwe haoni sitiari. Anaona mtu.

Waliouawa Iringa Mvumi hawakuwa wakoloni. Walikuwa watumishi wa umma wa nchi yao, waliotumwa kufanya kazi ambayo ingemfaa mkulima yule yule. Mwaka uliofuata, yaani 2017, uvumi kama huo ulienea kusini mwa Malawi. Watu kadhaa wakauawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu waliouawa katika matukio haya walikuwa ni wageni, wapita njia, watu waliokutwa mahali pasipo mwenyeji wa kuwatetea. Tukiieleza historia ya hofu kwa huruma, kama inavyotupasa, huruma hiyo isiwanyime haki waliokufa kwa ajili ya hofu hiyo.

Kwa hiyo mtafiti anakabiliwa na mambo mawili kwa pamoja. Anapaswa kukiri kwamba hofu ya mumiani ilikuwa na sababu katika historia: utumwa, sindano zisizoelezwa, kazi za usiku, mamlaka yasiyoulizika. Anapaswa pia kusema bila kumung'unya maneno kwamba tuhuma yenyewe haikuwa kweli, na kwamba mtu aliyetuhumiwa hakuwa na kosa.

9. Hitimisho

Wazee walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii hutumika kuutia nguvu uvumi. Mtu akitilia shaka habari za mumiani hujibiwa kwa methali hii, na mazungumzo yakaishia hapo. Ningependekeza tuifasiri kwa uangalifu zaidi. Ni kweli kwamba lisemwalo lipo, lakini kilichopo si lazima kiwe kile kinachotajwa. Katika historia niliyoieleza, kilichokuwapo ni swali ambalo wenye mamlaka hawakulijibu: mnachukua nini kwetu, kwa nini, na mnakipeleka wapi?

Swali hilo linaweza kujibiwa, na sehemu ya jibu iko mikononi mwa watu wa taaluma yetu. Kila mwaka vyuo vyetu vinawapeleka vijijini watafiti wa afya, wa kilimo, wa madini na wa lugha. Wengi wao wanabeba fomu za ridhaa zilizotafsiriwa kwa haraka, zenye Kiswahili ambacho hata aliyekiandika hakielewi. Neno *sampuli* linasomwa mbele ya mkulima bila kuelezwa. Barua ya utambulisho inaishia ofisini wilayani, na mwenye shamba anaona tu watu wasiojulikana wakichimba udongo wake na kuutia katika mifuko. Anayefikiri kwamba hayo ni mambo madogo na akumbuke gari lililochomwa Chamwino.

Napendekeza mambo mawili. La kwanza, idara za Kiswahili zishirikishwe katika kuandaa maelezo ya utafiti wowote unaogusa miili, ardhi au mali za watu, na maelezo hayo yajaribiwe kwa kusomewa wananchi kabla hayajatumika. La pili, wanafunzi wetu waendelee kukusanya masimulizi ya mumiani, wazimamoto na kachinja kutoka kwa wazee waliopo, pamoja na majina ya mitaa, miaka na mazingira yake. Wazee waliosikia habari za wazimamoto wakiwa watoto wanazidi kupungua. Wakusanyaji wanapofika katika nyumba hizo wajitambulishe vizuri, waseme wametoka wapi na wanachokiandika kitapelekwa wapi, kisha wasubiri waulizwe.